Raha ya Benzi Imo Kwenye Mipira

Gari la kifahari la zamani likianza kugonga, shokapu ndizo hulaumiwa kwanza. "Mzee, zote nne zimekwisha," niliambiwa kwenye gereji moja hapa Tanga. Zikabadilishwa, nikalipa, na rasta za barabara ya Segera zikaendelea kunitikisa meno vilevile. Ugonjwa haukuwa huko.

Gari langu ni Benzi 240D ya mwaka 1981, toleo ambalo mafundi hulijua kwa namba W123. Mercedes-Benz walilizindua Januari 1976, na hadi walipoacha kulitengeneza miaka kumi baadaye yalikuwa yametoka takriban milioni 2.7. Injini yake ya dizeli ina nguvu farasi 72 tu, kwa hiyo aliyelinunua hakufuata mbio. Alifuata utulivu: kuketi nyuma, kusoma gazeti, na kufika bila uchovu. Utulivu huo ndio ninaoutetea hapa, maana naona magari mengi mazuri yanauzwa kwa bei ya chuma chakavu na watu walioambiwa kwamba "Benzi kuukuu ndivyo zilivyo." Sivyo zilivyo.

Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokapu haibebi kitu. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kuruka baada ya shimo, kwa kuyalazimisha mafuta yaliyo ndani yapite kwenye matundu madogo hadi nguvu ya mruko igeuke joto. Lakini kati ya vyuma hivi na bodi unayoketi ndani yake kuna mpira karibu kila mahali: bushi za wishiboni, mipira ya stabilaiza, vikalio vya springi, na kule nyuma mipira mikubwa inayoishika fremu iliyobeba difu na mikono ya magurudumu. Mtetemo wa barabara hauna njia ya kukufikia kitini ila upitie humo. Mpira ukifa, chuma kinazungumza na chuma.

Na mpira hufa hata gari likiwa limelala. Joto na hewa huukakamaza na kuupasua, na mafuta yanayovuja kwenye injini huuvimbisha na kuulainisha. Ni sawa na kandambili zilizosahauliwa juu ya bati: hazijavaliwa, lakini ukizikunja zinakatika. Kwa hiyo usivutwe na tangazo la Benzi "iliyotembea kidogo" kama imefunikwa turubai miaka ishirini. Umri wa mipira hausomwi kwenye mita ya kilomita.

Gari lenyewe husema linapoumwa. Usukani ukitetemeka unapokanyaga breki, tazama mpira wa ile fimbo inayouzuia mkono wa chini wa mbele usirudi nyuma, pamoja na diski za breki zenyewe. Mkia ukipepea kwenye kona kana kwamba magurudumu ya nyuma nayo yanakata usukani, mara nyingi ni mipira ya fremu. Mlio mkavu wa kugonga kwenye tuta dogo, ukienda taratibu, waweza kuwa stabilaiza au bolijointi. Bolijointi usiisubirishe hata siku moja, kwa kuwa ikichomoka gurudumu hulala na usukani hauna kazi tena.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni ufungaji. Bushi ya mpira haizunguki kwenye bolti yake. Imeshikana na chuma, hivyo mkono wa gurudumu unapopanda na kushuka, mpira hujinyonga kisha hurudi. Fundi akikaza nati gari likiwa kwenye jeki, magurudumu yakining'inia, mpira unafungwa katika mkao usio wake. Gari likishushwa, unabaki umenyongwa usiku na mchana, na hupasuka mapema. Kisha watu husema spea ni feki! Nati za bushi hizo hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa matairi yake na kubeba uzito wake.

Bushi za kuchonga kwa tairi kuukuu nimezikataa. Ni ngumu mno, na ugumu wake wote utausikia mgongoni. Hata rimu pana za inchi 17 zenye tairi nyembamba sizishauri kwa gari hili. Lilitoka kiwandani na tairi za 175 R14, ambazo ukuta wake mrefu ni sehemu ya ulaini ule ule unaoutafuta.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatoa hela ya shokapu, mwombe fundi aingie chini na mtaimbo, akuoneshe kila mpira ukicheza au ukiwa umetulia. Usiondoke gereji kabla hujamwona akikaza zile nati magurudumu yakiwa chini.