Nyumba ya Kuku Wakati wa Baridi



Katika nchi ya Katanga baridi huanza mwezi wa 5, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 ni baridi sana. Wakati huo watu wengi huwaingiza kuku katika nyumba wanamolala watoto. Wengine huwafungia katika kibanda kisicho na tundu hata moja. Wengine tena huwawekea mbabula ya makaa. Wanafanya hivi kwa huruma. Lakini njia hizi tatu huleta ugonjwa, hata kufa.

Je, kuku anaogopa baridi? Si sana. Mwili wake una joto kuliko wetu, kupita digrii 40. Akilala huvimbisha manyoya yake, na hewa iliyo kati ya manyoya humfunika kama blanketi. Adui zake ni wawili: unyevu, na upepo unaompiga akilala. Usiku kucha kuku anapumua, na pumzi yake ina maji. Mavi yake pia yana maji. Nyumba ikizibwa pande zote, maji hayo hayana pa kutokea. Asubuhi utaona kuta zimelowa, na harufu kali itakuuma macho. Harufu hiyo huharibu mapafu ya kuku.

Mwaka mmoja mimi mwenyewe niliziba kila tundu kwa udongo. Kabla ya mwezi kwisha, kuku 4 kati ya 9 walikuwa wamekufa, kamasi zikiwatoka puani. Nilisema, ‘Baridi imewaua.’ Kumbe ni kazi ya mikono yangu.

Basi, mvua inapokwisha katika mwezi wa 4, tengenezeni hivi:

1. Jengeni nyumba ya kuku mbali kidogo na nyumba yenu, sakafu yake iinuliwe juu ya nchi. Mlango uelekee kaskazini, maana wakati wa baridi jua hupita upande huo. Upepo wa baridi hutoka kusini na mashariki. Huko kandikeni ukuta vizuri kwa udongo.

2. Chini ya paa acheni nafasi ya upana wa mkono, ili hewa mbaya itoke juu ya vichwa vya kuku. Izuieni kwa fito au waya, paka wa mwitu asiingie.

3. Wekeni miti ya kulalia, minene kama kifundo cha mkono wa mtoto, ili kuku akilala miguu yake ifunikwe na manyoya ya tumbo.

4. Tandikeni nyasi kavu chini. Zikilowa, ziondoeni na kuzipeleka shambani; ni mbolea njema.

5. Jioni wapeni mahindi kidogo. Chakula kilicho tumboni huwapa joto usiku.

Kuku wenye vifaranga walale katika kikapu chenye nyasi kavu. Tena, ulizeni mganga wa mifugo juu ya chanjo ya ugonjwa unaomaliza kuku wa kijiji kizima. Nyumba njema haizuii ugonjwa ule.

Sasa sikieni neno juu ya watoto wenu. Mavi ya kuku yana vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mtoto anayetambaa huyagusa, kisha hutia mkono kinywani, na kuhara kunaanza. Mtoto mdogo anayehara aweza kufa kwa kukosa maji mwilini. Kwa hiyo kuku wasilale ndani ya nyumba ya watu, na kila aliyewashika anawe mikono kwa sabuni.

Na mbabula? Moshi wa makaa mekundu hauonekani wala haunuki, lakini huua watu na kuku wakiwa usingizini. Msiulaze nao ndani kamwe, hata baridi ikizidi namna gani.

Leo jioni, kabla ya giza, ingia katika nyumba ya kuku wako. Vuta pumzi. Macho yakikuuma, usingoje kesho: fungua tundu juu.