Nguvu Inayofika Kwenye Kisu

Katika maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, swali la kwanza kwa wauza matrekta huwa lilelile: "Hili lina hospawa ngapi?" Muuzaji hutaja namba iliyoandikwa ubavuni mwa boneti, mteja huitikia kwa kichwa, kisha mazungumzo huhamia kwenye bei. Kwa mfugaji mwenye ekari tano za malisho na slasha ya kufunga nyuma ya trekta, namba hiyo peke yake inasema machache. Anachopaswa kujua ni hospawa ngapi zitafika kwenye kisu, akiwa kwake kijijini, ndani ya nyasi zake.

Tuanzie kwenye nyasi, maana ndizo zinazoamua kazi. Ng'ombe hali nyasi kwa usawa. Hukwepa majani yaliyoota kuzunguka kinyesi, huruka mabua yaliyokomaa, na ndulele haigusi. Baada ya wiki kadhaa malisho huwa ya aina mbili: palipotafunwa hadi karibu na udongo, na palipoachwa pakajaa mabua makavu yanayozuia jua kufika kwenye machipukizi ya chini. Kufyeka kunasawazisha hali hiyo, na kukifanyika kabla magugu hayajatoa mbegu kunapunguza kazi ya msimu ujao. Nyasi ya Rhodes isikatwe chini ya sentimita kumi hivi, kwa sababu akiba ya chakula inayoichipusha tena imehifadhiwa kwenye sehemu ya chini ya shina. Kikuyu, ambayo ni nyasi ya asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, hutambaa juu na chini ya udongo na huvumilia kukatwa chini zaidi. Lakini ikijifunga vizuri ni nene, na mashine yoyote huihisi.

Sasa chukua trekta ambalo mkulima wa Njombe, Tanzania, au wa Kinangop, Kenya, amekwisha kuliona mara nyingi: Massey Ferguson 135, lililotengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975 na ambalo mpaka leo linalima, linabeba mahindi na kuvuta matela ya maji. Injini yake ya Perkins ya silinda tatu ilitoa hospawa 45 hivi ilipokuwa mpya. Hospawa moja ni karibu wati 746, kwa hiyo tunazungumzia kilowati 33 na kidogo. Gia, msuguano na pampu ya haidroliki hula sehemu yake. Shafti ya nyuma inayoendesha mashine, ile mafundi wanayoiita PTO, hubaki na hospawa kama 37.

Baada ya hapo mlima nao hudai chake, na hapa ndipo wanunuzi wengi wa nyanda za juu hupigwa chenga. Injini hii haina tabo ya kuisukumia hewa. Inavuta ile inayoikuta. Kwenye mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambacho ndicho kimo cha Njombe kwa makadirio, hewa iliyomo ndani ya kila lita ina uzito wa asilimia 82 tu ya ile ya ufukweni Tanga. Kinangop, kwenye mita zipatazo 2,500, hushuka hadi asilimia 78. Pampu ya dizeli haijui habari hizo na inaendelea kumwaga kiasi kilekile cha mafuta, hivyo yasiyopata oksijeni ya kutosha hutoka kama moshi mweusi. Kwa kanuni ya kukadiria, injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa Njombe, zile 37 za PTO zimekuwa 30. Ongeza nozeli zilizochoka na ringi zilizolika za injini iliyokwisha kutumika nusu karne, tuseme zimebaki 27. Tulianza na 45, na kisu bado hakijagusa hata jani moja.

Slasha huuzwa kwa futi, na kanuni inayotumika sana ni hospawa tano za PTO kwa kila futi ya upana. Nyasi laini huhitaji pungufu ya hapo. Vichaka na mabua magumu huhitaji zaidi. Slasha ya futi tano, yaani mita moja na nusu, inataka 25. Ya futi sita inataka 30. Kwa hiyo trekta lilelile ambalo Tanga lingeiendesha slasha ya futi sita bila kulalamika, Njombe linafaa kupewa ya futi tano, tena bila akiba kubwa.

Kwa nini slasha ina njaa kiasi hicho? Kwa sababu haina kitu cha kuegemezea nyasi. Mkasi una makali mawili yanayobana jani katikati, lakini kisu cha slasha hulipiga likiwa limesimama peke yake hewani, kama kijana anavyolipiga kwa fyekeo, na jani hukatika kwa sababu tu halipati muda wa kuinama. Kila kitu kinategemea mwendo wa ncha ya kisu. PTO ya kawaida imepangwa kuzunguka mara 540 kwa dakika. Tuseme giaboksi ya slasha inapandisha mizunguko hiyo hadi 1,000. Ncha ya kisu iliyo sentimita 75 kutoka katikati itasafiri mita 78 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Kwa mwendo huo jani hukatwa, na jiwe hurushwa mbali. Ndiyo maana watoto na mifugo hawatakiwi popote karibu, na minyororo ya kinga ya nyuma isitolewe hata kama inakwama kwenye majani.

Injini ikielemewa, PTO ikashuka hadi mizunguko 400, ncha huenda mita 58 kwa sekunde. Ukiangalia mwendo tu, hasara inaonekana ndogo. Lakini nishati ya pigo hufuata mraba wa mwendo, na hapo karibu asilimia 45 imepotea. Kisu kinaanza kusukuma badala ya kukata.

Hili halihitaji kipimo chochote cha maabara. Shuka kwenye trekta, zima, subiri visu visimame kabisa, kisha inama uchukue mashina machache ya Rhodes mahali ulipopita. Shina lililokatwa vizuri lina mdomo mmoja safi, wa mshazari au wa bapa, wenye unyevu. Lililopigwa na kisu kizembe lina nyuzi nyeupe zinazoning'inia, limepasuka kwenda chini, na mara nyingine limelala tu bila kukatika. Siku mbili baadaye shamba la aina hii ya pili huonekana limeungua kwa juu, kwa kuwa kila ncha iliyochanika imekauka na kugeuka kahawia. Kabla ya kulaumu trekta, noa visu. Nikiambiwa nichague kati ya slasha kubwa yenye visu butu na ndogo yenye visu vikali, sitafikiri mara mbili.

Upana una sharti lake jingine, nalo halihusu nguvu. Slasha inapaswa kufunika njia ya magurudumu ya nyuma, la sivyo tairi hulaza nyasi ambazo kisu hakitazifikia. Matairi ya nyuma ya 135 yanaweza kusogezwa ndani au nje, na yakiwa ndani kabisa, upana wa nje ni kama mita moja na nusu. Hiyo ni sawa na slasha ya futi tano. Tatizo ni kwamba trekta lililobana miguu hupinduka kirahisi, na Njombe si tambarare. Kwenye mteremko ni afadhali kuacha magurudumu yakiwa mapana na kufunga slasha ikiwa imesogea upande mmoja, ili angalau tairi la upande huo lifunikwe. Alama za tairi la pili utazikata kwenye mzunguko unaofuata. Kinangop, kwenye uwanda, unaweza kuyabana ukalala usingizi.

Uzito nao. Slasha ya kilo 300 ambayo kitovu cha uzito wake kiko mita moja na nusu nyuma ya ekseli, ikinyanyuliwa na haidroliki, huondoa karibu kilo 250 kwenye magurudumu ya mbele ya trekta hili. Trekta lenyewe lina tani moja na nusu hivi, na sehemu ndogo ya huo uzito ndiyo iko mbele. Ukipanda kilima namna hiyo usukani huwa mwepesi kwa namna isiyopendeza. Vyuma vya uzito vya mbele hutatua jambo hili kwa gharama ndogo kuliko trekta jipya.

Wanaolilia slasha pana hudai kuokoa muda. Tupige hesabu. Upana wa mita 1.5 kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa, ukitoa muda wa kugeuza na kupishana mistari, hufyeka karibu hekta 0.6 kwa saa. Ekari tano zitachukua saa tatu na nusu hivi. Kwa slasha ya futi sita ni chini kidogo ya saa tatu. Nusu saa mara tatu au nne kwa mwaka haistahili injini inayotoa moshi mweusi msimu mzima.

Kwa mwenye ekari mbili, mimi ningeuliza kama slasha inahitajika kabisa. Mashine ya meno, ile yenye kisu kinachokwenda na kurudi juu ya vidole vya chuma, hubana nyasi na kuikata kwa mwendo mdogo. Wahandisi hukadiria inatumia kilowati 1.2 kwa kila mita ya upana, wakati mashine ya diski hutumia tano na ya nyundo kumi. Ndiyo sababu hata trekta dogo la mkono laweza kuendesha mashine ya meno ya mita moja. Tena huilaza nyasi ikiwa nzima, tayari kuanikwa na kufungwa marobota, wakati slasha huikatakata ikabaki takataka. Ubaya wake ni kwamba haipendi mawe wala vichuguu, huziba kwenye kikuyu nene, na fundi wa kunoa meno yake hapatikani kila kijiji.

Kosa la upande wa pili hutokea kwa wanaokodi. Jirani ana trekta la hospawa 80, wewe una slasha ya futi tano iliyotengenezwa kwa trekta la 40, mnaziunganisha. Nguvu itatosha, na hapo ndipo balaa linapoanzia: kisu kikigonga kisiki, injini kubwa haizimiki, inaendelea kusukuma mpaka kitu kivunjike. Kingine ni udongo. Trekta zito kwenye malisho yaliyolowa mwezi wa nne hubana ardhi, na nyasi za mahali hapo zitadumaa mpaka kiangazi. Kama lazima lipite, punguza upepo wa matairi kwa kadiri mtengenezaji anavyoruhusu, au subiri pakauke.

Matrekta ya zamani yenye klachi ya hatua moja yana hatari yake. Ukikanyaga klachi ukidhani unasimama, visu vizito vya slasha bado vinazunguka na kuirudisha nguvu kupitia PTO hadi kwenye magurudumu, na trekta linaendelea kwenda mbele kuelekea uzio. Kifaa kidogo kinachofungwa kwenye shafti ya PTO, kinachoruhusu slasha kuzunguka huru bila kulisukuma trekta, huondoa tatizo hilo. Kinaongeza urefu wa shafti kwa sentimita kadhaa, kwa hiyo propela, yaani shafti inayounganisha trekta na slasha, ipimwe upya kabla ya kunyanyua slasha, isije ikajibana na kupasua giaboksi.

Kwenye propela hiyohiyo kuna bolti moja iliyowekwa ili ikatike kisu kinapogonga jiwe. Ikikatika, weka ya ukubwa na ugumu uleule. Bolti ngumu zaidi haitakatika. Kitakachovunjika ni gia iliyo nyuma yake.