Kwa nini zamani bunduki zilikosa spea?

Waya wa klachi wa pikipiki ukikatika, unaenda dukani, unataja aina ya pikipiki, unapewa mpya, fundi anafunga, safari inaendelea. Umeshawahi kujiuliza kwa nini waya ule unaingia bila kuchongwa? Jibu lake linapita kwenye karakana za bunduki.

Turudi miaka ya 1700. Askari wa Ulaya walibeba bunduki za gumegume. Kinachoifyatua ni mtambo mdogo wenye nyundo inayoshika jiwe, springi, skrubu na vipande vingine. Fundi alivichonga kwa tupa, akijaribisha kimoja kwa kingine mpaka vikakubaliana. Matokeo yake, nyundo ya bunduki moja haikuingia kwenye nyingine, hata kama zote zilitoka kwa fundi yuleyule. Jeshi liliweza kuwa na rundo la bunduki mbovu zenye vipande vizima kibao, na bado askari akakosa silaha. Ilibidi asubiri fundi amchongee kipande kipya.

Huko Ufaransa, fundi Honoré Blanc alitafuta njia nyingine. Mwaka 1785 alitembelewa na Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani nchini humo. Blanc alimwekea vipande vya mitambo 50 vilivyofunguliwa. Jefferson akaokota chochote kilichomjia mkononi, akaunganisha mitambo kadhaa mwenyewe. Ikakubali!

Sasa sayansi yake iko wapi? Wengi hudhani siri ni kutengeneza vipande vinavyolingana kabisa. Hapana. Hakuna vipande viwili vinavyolingana kabisa; kosa dogo lipo siku zote. Siri ni kukubaliana mapema kosa liishie wapi. Chukua mfano: pini zote ziwe kati ya milimita 5.9 na 6.0, na matundu yote yawe kati ya 6.05 na 6.15. Hapo pini yoyote itaingia tundu lolote. Lakini pini ya 6.1, iliyochongwa kwa ajili ya tundu lake la 6.15, itagoma kwenye tundu la 6.05.

Kukagua ni rahisi: unakuwa na vipimo viwili vya chuma. Kimoja lazima kiingie kwenye tundu, kingine lazima kigome. Huhitaji kusoma namba yoyote.

Kwenye vitendo, kazi ilikuwa ngumu. Mwaka 1798 Eli Whitney wa Marekani alipewa mkataba wa bunduki 10,000 kwa takriban miaka miwili. Alimaliza baada ya miaka zaidi ya kumi, na vipande vya bunduki zake zilizobaki havibadilishani vizuri. Aliyefaulu ni John Hall, kule Harpers Ferry, miaka ya 1820. Alitumia mashine na vipimo vingi, na wakaguzi walipofungua bunduki zake 100 na kuchanganya vipande, ziliungika tena.

Ujuzi huo ukahamia kwenye cherehani, baiskeli, kisha magari. Ndiyo maana spea yako ina duka. Ila fundi akishika tupa kuchonga spea mpya ili iingie, muulize imetoka wapi. Huenda aliyeitengeneza hakujali kosa liishie wapi, na wewe ndiye utakayekwama njiani.