Kuchaji, Nguvu na Nishati: Istilahi za Vituo vya Magari ya Umeme

Wafasiri wa miongozo ya magari ya umeme hukabiliwa na neno moja la Kiingereza lenye maana mbili: kutia umeme katika betri na kudai malipo. Kiswahili hakina haja ya kuurithi utata huo. Neno kuchaji limekwisha kuzoeleka kwa betri na simu. Na libaki na maana hiyo tu. Kudai malipo ni kutoza. Kwa hiyo kituo huchaji gari, na mwenye kituo humtoza dereva.

Utata mzito zaidi umo katika vipimo. Kilowati hupima nguvu, yaani kasi ya umeme kuingia katika betri. Kilowati-saa hupima nishati, yaani kiasi kilichoingia. Tuchukue gari lenye betri ya kilowati-saa 60. Kuipandisha kutoka asilimia 10 hadi 80 huhitaji kilowati-saa 42. Penye nguvu ya kilowati 7, dereva atasubiri saa 6. Penye kilowati 50, dakika zipatazo 50 tu, endapo nguvu hiyo itadumu. Mfasiri akivichanganya vipimo hivi, dereva hataweza kukadiria muda wala gharama.

Madereva hulalamika pia kwamba kituo kilichoandikwa kilowati 150 hakikuwapa hata nusu yake. Mara nyingi kituo hakina kosa. Gari lenyewe huweka kikomo cha nguvu linayoweza kupokea, na betri ikikaribia kujaa nguvu hupunguzwa ili kuilinda. Hivyo yafaa kibao kisomeke "nguvu ya juu kabisa", wala si "nguvu" pekee.

Nchini Uingereza, malalamiko kuhusu bei zisizolinganishika na mitambo mibovu yalijibiwa kwa kanuni za mwaka 2023. Bei sharti ionyeshwe kwa peni kwa kila kilowati-saa, na mitandao ya vituo vya haraka, vyenye kilowati 50 au zaidi, sharti itegemeke kwa wastani wa asilimia 99 ya muda katika mwaka. Kanuni ya namna hiyo haiwezi kufasiriwa sawasawa iwapo nguvu na nishati zimepewa jina moja.

Kwa bahati njema, wananchi wanacho tayari kipimo cha nishati: "uniti" wanayonunua kwa mita ya LUKU ni kilowati-saa moja. Tunapendekeza basi vibao viandikwe "bei kwa uniti", na hati rasmi "bei kwa kilowati-saa".

Aidha, kwa kuwa pikipiki nyingi za umeme za Kigali na Nairobi hupewa betri iliyojaa badala ya kungoja, kituo cha kuchajia kitofautishwe na kituo cha kubadilishia betri. Dereva aliyekaribia kuishiwa umeme njiani hana nafasi ya kubahatisha maana ya kibao.