Siki ya Tufaha na Nywele Zinazopukutika

Leo tutajibu swali ambalo akina mama huuliza sana: je, siki ya tufaha, lile tunda ambalo wengine huliita epo, yaweza kuotesha nywele zilizopukutika?

Kwanza tujue siki ni kitu gani. Maji ya tufaha yakichachuka huwa pombe. Pombe ikizidi kukaa, vijidudu huigeuza kuwa asidi. Watu wa pwani wanalijua jambo hili, maana tembo la mnazi likilala siku nyingi huwa siki. Asidi hiyo huwa kama sehemu 5 katika 100. Nyingine karibu zote ni maji.

Asidi ina kazi yake. Sabuni ya kipande huacha utando juu ya nywele, hasa ukioshea maji ya kisima yenye chokaa. Vijiko 2 vya siki katika bilauri kubwa ya maji huuondoa, na nywele hulainika. Lakini unywele huota katika shina lililo chini ya ngozi, na huko siki haioteshi kitu.

"Mbona mimi nilipaka, zikarudi?" Nasadiki, mama. Aliyejifungua huanza kupukutika nywele baada ya miezi 3 hivi, kisha huota tena zenyewe, hata asipopaka kitu. Siki hupata sifa ya bure.

Hasara ni pale inapotuchelewesha. Mapunye ya mtoto ni kuvu iliyoingia ndani ya unywele wenyewe. Siki haiitoi. Dawa yake ni ya kumeza, kama griseofulvini, kwa majuma 6 au zaidi, kwa kipimo cha mganga wa zahanati. Akicheleweshwa, kichwa chaweza kuvimba na kutoa usaha, na penye kovu nywele hazioti tena. Na siki kali isiyotiwa maji huunguza ngozi, sembuse kidonda!

Liko na jambo la misuko ya kubana. Jitazame katika kioo, juu ya paji la uso na karibu na masikio. Ukiona nywele zimepungua, au vipele vidogo, fumua leo. Zikiwahiwa hurudi, zikivutwa miaka mingi, shina hufa. Na msusi akikuambia kwamba maumivu ndiyo dalili ya msuko mzuri, mwambie alegeze.