Mafunzo ya amani bila intaneti: yanavyoweza kubebwa na kugawanywa



Mashirika mengi huweka mafunzo yao katika darasa la intaneti. Humo mtu hujifunza namna ya kupatanisha wanaogombania shamba au kumsikiliza aliyeumizwa na vita. Ili kuingia, anahitaji jina, neno la siri na mega za kutosha. Familia iliyokimbia kijiji chake mara nyingi haina hata mahali pa kuchaji simu. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Uhamisho wa Ndani, za mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 23 kwamba kila mtu ana haki ya elimu. Kwa hiyo si kosa kuliomba shirika litoe mafunzo hayo nje ya darasa la intaneti.

Tuombe nini?

Darasa la programu kama Moodle likihifadhiwa zima, kwa kawaida huhitaji programu ya namna hiyo ili lifunguke. Ombeni faili za kawaida: sauti za MP3 na maandishi ya PDF. Sauti ya saa 1 iliyopunguzwa hadi kilobiti 32 kwa sekunde huchukua megabaiti 14 hivi. Kadi ya memori ya gigabaiti 4 hubeba zaidi ya saa 250. Kutoka simu hadi simu, Bluetooth hupitisha faili bila kununua mega. Penye kompyuta, programu ya bure iitwayo Kolibri hugawa masomo kwa simu za karibu bila intaneti. Wasio na simu wapewe karatasi.

Ulizeni pia ruhusa. Masomo mengine yana leseni ya Creative Commons. Ikiwa na herufi ND, mnaweza kugawa nakala, lakini si kugawa tafsiri bila idhini.

Tusome namna gani?

Simu moja inatosha kikundi. Sikilizeni kidogo, simamisheni sauti, mzungumze. Sauti iliyorekodiwa haijibu maswali, hivyo achaguliwe mwongozaji. Kila faili iandikwe namba na tarehe, ili nakala ya zamani ijulikane. Kuhusu cheti, patanani na shirika mapema nani atawapima wanafunzi.

Tujihadhari na nini?

Kwanza, majina. Darasa la intaneti huhifadhi orodha ya wanafunzi. Kadi yenu isiwe nayo. Simu inaweza kupekuliwa njiani, na orodha, picha au sauti ya shahidi inaweza kumtia mtu hatarini. Andikeni hesabu tu: wanawake wangapi, wanaume wangapi. Hata bila majina, asilazimishwe mtu yeyote kubeba kadi.

Pili, upendeleo. Kadi ikibaki mikononi mwa kabila moja, au kwa waliokimbia peke yao, wengine watauliza kunafundishwa nini kwa siri. Mafunzo ya kupatanisha yatazaa shaka. Basi toeni nakala kwa wenyeji wanaowapokea pia, na mfunze mkiwa pamoja. Kiongozi wa mtaa asikilize somo la kwanza kabla halijaenea.

Familia ikilazimika kuhama tena, masomo yataenda nayo. Wale wanaobaki wawe na nakala yao, ili mazungumzo yasikatike.