Breki ya Moyo

Muhula uliopita nilichaguliwa kusema katika mdahalo baina ya mabweni. Jina langu lilipotajwa, moyo ulinidunda hata nikadhani jirani yangu anausikia. Nilisema maneno machache nikaketi. Kumbe hata baada ya kuketi moyo haukutulia, na usiku ule niliogopa kweli kwamba nina ugonjwa. Kwa kuwa niliona haya kwenda zahanati, nilianza na vitabu vya Bayolojia.

Wengi wetu hudhani kwamba ubongo ndio unaouamuru moyo upige. Sivyo. Katika chumba cha juu cha kulia cha moyo mna kifundo kidogo kinachoanzisha kila pigo. Kiligunduliwa huko Uingereza na Arthur Keith na Martin Flack, wakatangaza habari zake mwaka 1907. Na Flack, wenzangu, alikuwa mwanafunzi tu wa udaktari. Kikiachwa peke yake, kifundo hicho hupiga mara 100 hivi kwa dakika.

Mbona basi mtu aliyetulia hupata 70 hivi? Ni kwa sababu moyo umefungwa breki, nayo ni mshipa wa fahamu uitwao vagasi, ushukao kutoka ubongoni kupitia shingoni. Hofu inapoingia, jambo la kwanza ni breki kulegezwa. Kisha mishipa mingine, itokayo kwenye uti wa mgongo, huuhimiza moyo. Mwisho tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu.

Mishipa ya fahamu ni kama simu, homoni ni kama barua. Barua huchelewa kufika, na simu ikikatwa yenyewe ingali mkononi. Ndiyo sababu nilikuwa nimekwisha kuketi, na moyo bado wadunda.

Lakini simu hiyo nayo yatumia dawa. Mwaka 1921, Otto Loewi wa mji wa Graz, Austria, alichukua mioyo miwili ya vyura ikipiga katika maji ya chumvi. Aliugusa kwa umeme mshipa wa vagasi wa moyo mmoja, nao ukapunguza mwendo. Akayachukua maji yake, akautilia moyo wa pili, nao ukapunguza mwendo vilevile, ingawa haukuguswa! Dawa iliyokuwamo yaitwa asetilikolini.

Mtu aliyepandikizwa moyo wa mwingine, kazi aliyoifanya kwanza Dk. Christiaan Barnard huko Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, hukatiwa mishipa hiyo. Moyo wake mpya hupiga upesi hata amelala, kwa kuwa hauna breki. Naye akianza kukimbia, huchelewa kuongeza mwendo, maana wangoja barua.

Nimejihesabia mapigo kwa saa ya mwenzangu: 64 kabla ya kengele ya kuamka, 112 mlangoni pa ukumbi siku ya mdahalo wa pili. Safari hii nilisema dakika zangu zote tano.